Land Rover na Mafundi Wake: Historia ya Chombo Kimoja cha Safari

Utamaduni wa taifa huelezwa mara nyingi kwa kutaja ngoma, hadithi, mavazi na majengo ya kale. Hivi vyote ni hazina, na hatuna budi kuvihifadhi. Lakini zana ambazo watu wamezifanyia kazi kwa miaka mingi nazo ni sehemu ya utamaduni wao, hata kama zilibuniwa mbali. Jembe la dukani, cherehani na baiskeli vililetwa kutoka ng'ambo. Hata hivyo, hakuna awezaye kueleza maisha ya kijiji cha Afrika ya Mashariki bila kuvitaja. Katika insha hii tutachunguza chombo kimoja cha namna hiyo, yaani gari liitwalo Land Rover, ambalo watu wetu hulitamka Landrova. Tutaeleza lilivyozaliwa, lilivyofanya kazi, na watu waliolitumia kwa shabaha mbalimbali. Kisha tutauliza swali ambalo historia yake inatuletea: je, chombo ni mali ya nani hasa? Ni mali ya aliyekiunda, ya aliyekinunua, au ya yule ajuaye kukitengeneza kinapoharibika?

Chanzo chake

Kampuni ya Rover ya Uingereza haikuanza na magari. Ilianza na baiskeli katika mji wa Coventry, na mwaka 1885 John Kemp Starley alitoa baiskeli iliyoitwa Rover, yenye magurudumu mawili yanayokaribia kulingana na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Baiskeli tunazopanda leo zimefuata umbo hilo. Neno lenyewe lina maana ya mtu asiyetulia mahali pamoja, mwenye kuzunguka huku na huko. Magari ya Rover yalianza kuuzwa mwaka 1904, nayo yalikuwa magari ya mjini, ya watu wenye nafasi.

Vita Kuu ya Pili iliibadili kampuni hiyo. Kiwanda chake cha Coventry kilipigwa mabomu mwaka 1940, na vita vilipokwisha kampuni ikahamia Solihull, katika kiwanda kilichokuwa kikiunda injini za ndege. Uingereza ilikuwa imeshinda vita lakini imefilisika. Chuma kilitolewa kwa mgao, na serikali iliwapa chuma zaidi wale tu walioweza kuuza bidhaa zao nchi za nje na kuleta fedha za kigeni. Magari ya fahari ya Rover hayakuwa na wanunuzi wengi huko nje, na kampuni ilihitaji kitu kingine cha kuuza upesi.

Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, huko Wales. Shambani alitumia gari la Jeep la Kimarekani, mabaki ya vita. Jeep ilikuwa gari hodari, lakini ilitengenezwa kwa ajili ya jeshi, na vipuri vyake vilikuwa vigumu kupatikana. Yeye na ndugu yake Spencer Wilks, aliyekuwa mkurugenzi wa kampuni, wakaazimia mwaka 1947 kuunda gari lao wenyewe la mkulima. Husimuliwa kwamba Maurice alilichora umbo lake la kwanza kwa kijiti katika mchanga wa pwani ya Anglesey. Tarehe 30 Aprili 1948 gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, Uholanzi, na bei yake ilikuwa pauni 450.

Inafaa tuangalie kwa makini jinsi uhaba ulivyolipa gari hilo umbo lake. Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu, bodi ilitengenezwa kwa madini mepesi ya alumini, ambayo yalipatikana kwa urahisi kutoka katika viwanda vya ndege. Kwa kuwa hapakuwa na fedha za kununua mashine kubwa za kukandamiza mabati, bodi hiyo iliundwa kwa vipande bapa, vyenye mikunjo michache, vilivyounganishwa kwa misumari na nati. Chesisi ilijengwa kwa kuunganisha vipande virefu vya chuma hadi vikafanya boriti zenye uwazi ndani. Hata rangi ya kijani ya magari ya kwanza ilikuwa rangi iliyobaki kutoka katika viwanda vya ndege za vita. Wakuu wa kampuni walidhani kazi hiyo ingedumu miaka miwili au mitatu tu, hadi biashara ya magari ya kawaida itakaporudi. Badala yake, katika mwaka wa kwanza zilitengenezwa Land Rover 8,000 hivi, na mwaka uliofuata idadi ikaongezeka maradufu.

Namna lilivyofanya kazi

Mwanafunzi aliyezoea magari ya siku hizi atashangaa akifungua boneti ya Land Rover ya zamani. Kila kitu kinaonekana, na karibu kila kitu kinafikika kwa spana. Gari la mwaka 1948 lilikuwa na injini ndogo ya petroli ya lita 1.6. Nguvu yake haikuwa kubwa, lakini ilipitishwa katika sanduku la pili la gia, lililompa dereva seti mbili za gia: moja ya mwendo wa barabarani, na nyingine ya mwendo wa polepole wenye nguvu nyingi, kwa ajili ya matope, mchanga na milima. Katika magari yaliyofuata dereva alikuwa na vishikio viwili vya ziada sakafuni. Kile cha manjano alikikandamiza ili magurudumu yote manne yavute. Kile chekundu alikivuta nyuma ili aingie katika gia za nguvu. Wahenga walinena, mwenda pole hajikwai, na dereva wa Land Rover alijifunza hekima hiyo kwa mikono yake.

Gari hilo liliweza pia kuzungusha mashine nyingine kwa nguvu ya injini yake. Mkulima aliweza kufunga mkanda na kuendesha msumeno, pampu ya maji au mashine ya kupura nafaka. Kwa hiyo lilikuwa gari na trekta kwa pamoja, ingawa kama trekta halikufua dafu mbele ya trekta halisi.

Majina ambayo madereva wengi huyataja, yaani 88, 109 na 110, ni vipimo vya inchi kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Gari la kwanza kabisa lilikuwa na inchi 80. Vipimo vya 88 na 109 vilianza mwaka 1956. Toleo la pili lilitoka mwaka 1958, na la tatu mwaka 1971. Mwaka 1983 ilitoka 110, ambayo badala ya springi za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka ilikuwa na springi za kuviringa, na kwa hiyo ilipunguza kidogo adha ya abiria. Jina la Defender lilianza kutumika mwaka 1990. Kufikia mwaka 1976 Land Rover milioni moja zilikuwa zimekwisha tengenezwa.

Gari la mtawala na gari la mwananchi

Land Rover iliingia Afrika ya Mashariki wakati wa ukoloni, nayo iliingia kama gari la watawala. Bwana Shauri aliyekwenda kusikiliza kesi na kuhimiza kodi alifika kwa gari hilo. Bwana Shamba, Bwana Mifugo na Bwana Afya walifika nalo vilevile. Huko Kenya, hali ya hatari ilipotangazwa mwezi Oktoba 1952, polisi na askari waliowasaka wapiganaji wa Mau Mau walitumia Land Rover. Kwa watu wengi wa vijijini, basi, mlio wa injini ile ulikuwa habari kwamba serikali inakuja, na habari hiyo haikuwa njema siku zote. Mwalimu anayefundisha historia hii asiifiche. Uwezo wa kupita pasipo na barabara ulimfikishia mgonjwa dawa, na uwezo uleule ulimfikisha mtoza kodi mahali ambapo zamani asingefika kwa urahisi.

Lakini chombo hakina uraia. Mwalimu Julius Nyerere alipoacha kazi ya kufundisha Pugu mwaka 1955 ili aitumikie TANU, safari za kuwafikia wananchi majimboni zilikuwa ndefu na njia zilikuwa mbaya. Land Rover ilikuwa miongoni mwa vyombo vilivyowachukua viongozi wa chama hicho kwenda kuhutubia mikutano ya kudai uhuru. Gari la aina ileile iliyombeba Bwana Shauri sasa lilimbeba mtu aliyekuja kusema kwamba utawala wa Bwana Shauri una mwisho.

Elimu nayo ina deni lake. Tarehe 17 Julai 1959, katika bonde la Olduvai, kaskazini ya Tanganyika, Mary Leakey aliona vipande vya fuvu na meno vikijitokeza udongoni. Mumewe, Louis, alikuwa amelala mgonjwa kambini. Mary alirudi mbio kwa Land Rover kumpasha habari. Fuvu hilo, lililopewa jina la Zinjanthropus, lilipimwa baadaye likaonekana kuwa na umri wa miaka milioni 1.75 hivi, na likaigeuza Afrika ya Mashariki kuwa mahali muhimu pa kutafuta asili ya binadamu.

Baada ya uhuru serikali mpya zilirithi magari hayo pamoja na ofisi zilizoyatumia. Mganga wa wilaya, mkaguzi wa shule, mpima ardhi, mhifadhi wa wanyama na polisi wote waliyategemea. Wazee wa leo wengi hulikumbuka gari la hospitali lililomchukua mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku wa masika, wakati hakuna gari jingine lililoweza kuvuka. Huko Kenya, kiwanda cha Leyland cha mji wa Thika kilianza katika miaka ya 1970 kuunganisha Land Rover kutokana na sehemu zilizoletwa kwa meli. Hivyo vijana wa hapa wakaanza kulijua gari hilo tangu linapozaliwa.

Maoni ya wenye kulimiliki

Tusiruhusu sifa zitupofushe. Walioimiliki Land Rover ya zamani hawakukaa kwa raha. Usukani wake ulikuwa mzito, na bega la dereva lilijua. Vumbi liliingia kwenye milango isiyoziba vizuri, na mvua ilifuata njia hiyohiyo. Vijilango viwili vilivyo chini ya kioo cha mbele vilifunguliwa ili upepo uingie, navyo viliingiza wadudu pia. Abiria wa nyuma waliketi kwenye mabenchi ya pembeni, wakitazamana na kugongana magoti. Kelele zilikuwa nyingi kiasi kwamba mazungumzo ya safari yalingoja gari lisimame. Mafuta ya injini yalivuja, na wenye magari hayo wakazua utani kwamba ukiona Land Rover haidondoshi mafuta, fahamu kwamba yamekwisha.

Hata ule uimara wake unaosifiwa una mipaka. Bodi ya alumini haikushika kutu, lakini chesisi ya chuma iliyo chini yake ilioza, hasa katika nchi za pwani na za mvua nyingi. Shafti za kuzungusha magurudumu ya nyuma, katika matoleo ya zamani, zilikatika mara kwa mara gari lilipozidishwa mzigo au dereva alipoachia klachi kwa pupa, na dereva mwenye busara alichukua shafti ya akiba katika safari ndefu.

Kwa nini basi gari lenye kasoro hizi lilipendwa kiasi hicho? Jibu lipo katika tabia moja: lilipoharibika, lilitengenezeka. Bodi iliyobonyea ilinyooshwa kwa nyundo ya mbao. Mlango uliovunjika ulifunguliwa nati ukatolewa, mwingine ukafungwa. Betri ilipokufa injini iliwashwa kwa handeli ya mkono, au abiria wakashuka wakasukuma. Magari ya miaka tofauti yaliweza kuazimana vipuri vingi, hata fundi akajenga gari moja zima kutokana na mawili au matatu yaliyokufa. Watu waliposema Land Rover haifi, maana yake ya kweli ilikuwa kwamba kila ilipokufa palikuwa na mtu karibu aliyeweza kuifufua.

Mtu huyo ndiye fundi, naye ndiye shujaa wa historia hii. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, zilipungukiwa sana na fedha za kigeni. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliongeza mzigo. Vipuri vilipokosekana, magari yalisimama katika nyua za ofisi, na mafundi wakalazimika kubuni. Tangi la petroli lililotoboka lilizibwa kwa kipande cha sabuni mpaka gari lifike nyumbani. Mpira wa tairi kuukuu ulichongwa ukawa kizibo cha kuzuia vyuma visigongane. Springi iliyovunjika ilifungwa kwa ukanda wa mpira, gari likatambaa hadi gereji.

Tena, gari lililokufa kabisa halikutupwa. Mhunzi alichukua springi zake, chuma kigumu kizuri, akazifua zikawa panga na majembe. Vipande vya alumini viliyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, vikawa vyombo vya jikoni. Tairi zilikatwa zikawa katambuga. Sanaa ya uhunzi, ambayo ilikuwapo katika nchi yetu kabla ya mgeni yeyote kufika, ilipata madini mapya katika gofu la gari la kigeni. Asemaye kwamba Land Rover haihusiani na utamaduni wetu na aende kwa mhunzi akaulize panga lake lilitoka wapi.

Mashindano, mabadiliko na mwisho wa gari la kale

Waingereza hawakubaki peke yao. Japani ilianza kuunda gari la namna hiyo mwaka 1951, na tangu mwaka 1954 likaitwa Land Cruiser. Lilikuja na injini kubwa zaidi, na watumiaji wengi waliliona haliharibiki upesi. Wakati huohuo Land Rover ilikuwa imetiwa katika shirika kubwa la British Leyland, lililoundwa mwaka 1968 na kuchukuliwa na serikali ya Uingereza mwaka 1975 kwa sababu ya matatizo ya fedha. Wakati wanunuzi wa Afrika na Australia walipokuwa wakidai injini zenye nguvu na vipuri kwa wakati, kampuni ilichelewa kuwasikiliza. Mashirika na serikali nyingi zikahamia kwa Toyota. Hapa pana fundisho la biashara: jina jema hujengwa kwa miaka mingi, lakini halimngoji mwenye kulala.

Baadaye kampuni ilipita katika mikono mingi. Mwaka 1994 ilinunuliwa na BMW ya Ujerumani, mwaka 2000 na Ford ya Marekani, na mwaka 2008 na Tata Motors ya India. Historia ina kejeli zake: gari lililosaidia kuitawala dola ya Uingereza liliishia kuwa mali ya kampuni ya nchi iliyokuwa koloni kubwa kuliko yote katika dola hiyo. Tarehe 29 Januari 2016 Defender ya mwisho ya umbo la kale ilitoka katika kiwanda cha Solihull, kwa sababu haikuweza tena kutimiza masharti mapya ya usalama na ya moshi. Tangu mwaka 1948 zilikuwa zimetengenezwa 2,016,933. Defender mpya iliyotangazwa mwaka 2019 huundwa nchini Slovakia. Inapita katika matope na mito vizuri kuliko babu yake, lakini sehemu zake nyingi huongozwa na kompyuta, na fundi mwenye spana peke yake hawezi kuiamuru.

Hata hivyo, magari ya kale bado yanatembea. Katika milima ya Darjeeling, nchini India, madereva wa Manebhanjan wanapandisha wageni hadi Sandakphu kwa Land Rover za miaka ya 1950. Katika nyanda za juu za Cameron, Malaysia, wakulima wa mboga wameyatumia kwa maelfu. Kwetu Tanzania yamebeba wachimbaji wa tanzanaiti wa Mererani, abiria na mizigo ya minada ya Umasaini, na watalii wa mbuga za kaskazini. Mwezi Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha kutoka pande mbalimbali, na mamia ya magari hayo, mazee kwa mapya, yakapita katika msafara mmoja.

Hitimisho

Sasa tulirudie swali letu. Aliyeiunda Land Rover aliiunda kwa ajili ya mkulima wa Wales na kwa ajili ya kuipatia nchi yake fedha za kigeni. Aliyeinunua kwanza huku kwetu aliinunua ili atawale. Lakini waliolifanya gari hilo lidumu miaka hamsini na sitini ni madereva, utingo, mafundi na wahunzi, ambao wengi wao majina yao hayamo katika kitabu chochote. Kwa kazi yao chombo cha kigeni kilipata makao. Kwa maana hiyo, kumiliki chombo ni kukijua: kufahamu kinavyofanya kazi, kwa nini kimeharibika, na kitu gani kilicho karibu kinaweza kuziba pengo. Anayenunua asichoweza kukitengeneza amekikodi tu, ingawa amelipa bei yote.

Jambo hili linatuhusu zaidi leo kuliko wakati wowote. Vyombo vinavyoingia nchini, kuanzia magari hadi pampu za maji na mashine za hospitali, huja vimefungwa, na ujuzi wa kuvifungua hubaki kwa waliovituma. Kuvikataa haiwezekani, wala haifai. Linalowezekana ni kuwaelimisha vijana wavifungue na kuvielewa, kama walivyofanya mafundi wa zamani, ila kwa zana za zama hizi.

Kwa walimu kuna kazi iliyo karibu zaidi. Mafundi waliozifufua Land Rover katika miaka ya uhaba sasa ni wazee, na kila mwaka baadhi yao wanatutoka pamoja na ujuzi wao. Wanafunzi na watumwe wakawaulize: kifaa gani kilikosekana, walikibadili kwa nini, nani aliwafundisha, na wao wamemfundisha nani? Majibu yaandikwe na kuhifadhiwa shuleni. Gofu la gari litabaki uani miaka mingi, kwa kuwa alumini haiozi. Maarifa ya fundi hayana alumini ya kuyalinda.